Chukua dawa uipeleke wapi?

SWALI: Mwalimu, nilitafsiri maelezo ya dawa nikaandika, "Chukua vidonge viwili kila baada ya saa nane." Mhariri akafuta "chukua" akaandika "meza". Kamusi yangu inasema "take" ni chukua. Nani kakosea?

JIBU: Wewe, na kamusi ndiyo iliyokuponza. Mgonjwa mtiifu atachukua vidonge viwili, avitie mfukoni, na baada ya saa nane aje kuchukua vingine viwili. Siku ikiisha mfuko una sita, homa iko palepale.

Kuchukua asili yake ni kubeba. Ndiyo maana tuna mchukuzi wa mizigo, na mwanamke huchukua mimba. Nguo ikimkaa mtu vizuri imemchukua, na watu wanaopatana wanachukuana. Neno lenye kazi zote hizo halihitaji kibarua cha Kiingereza. Na hiyo "take" yenyewe ni mhamiaji: Waingereza waliipata kwa Waskandinavia, ikamfukuza mwenyeji, "niman". Imekuja kwetu na tabia ileile. Kwetu picha hupigwa, mtihani hufanywa, dawa humezwa au hunywewa. Watu wanazichukua zote.

Lakini hayo ni madogo. Kuna hili: "Napenda kuchukua nafasi hii kuwashukuru." Hakuna kikao kisichokuwa nalo. Jamani, kuchukua nafasi ya mtu ni kukalia kiti chake! Ningekuwa mwenyekiti, nikisikia msemaji anapenda kuchukua nafasi, ningekishika kiti changu kwa mikono miwili. Ajabu ni kwamba akishaichukua haendi nayo popote. Anasimama nayo hapohapo nusu saa nzima. Anayemfuata naye anaichukua ileile, na shukrani bado hatujaiona. Sema "natumia nafasi hii" kama huna budi. La sivyo "nawashukuru" inatosha, ukae.

"Kuchukua hatua" nimeshaiachia, ingawa miguu yangu mimi bado inazipiga. Nimezeeka, siwezi kupigana kila mahali.

Ninayemlilia ni "twaa". "Twaeni mle," inasema Biblia ya Kiswahili, na kila msikilizaji anaelewa kwamba mkate hauchukuliwi kwenda nao nyumbani. Siku hizi neno hilo limebaki kwa watangazaji wa mpira, timu inapotwaa kombe. Watangazaji haohao ninaowakemea kila siku kwa mengine. Kwa hili, basi, nawavumilia.

Mhariri wako mshukuru. Bila kuchukua nafasi.