Nina miaka 24 na presha 168, figo ziko salama?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nipo Dar. Mwezi uliopita nilienda kuchangia damu wakanikatalia, presha 168/104, nikarudia siku mbili tofauti ikawa hivohivo. Nikapima kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huichuja kwenye damu) ikaja 98 nikaambiwa figo ziko fresh. Ila asubuhi mkojo una povu, na mgongo ukiniuma na kazi huwa nameza diklofenaki. Nyumbani hakuna mwenye presha. Nitulie au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usitulie. Ungekuwa na miaka 55 ningesema ni umri na chumvi tumalizane, ila kijana wa 24 tena kwenu hakuna mwenye presha lazima nijiulize kama figo ndo zimeleta hiyo presha, maana figo ikiumwa inabakiza chumvi na maji mwilini na inamwaga homoni za kubana mishipa, presha inapanda, halafu presha nayo inarudi kuponda vichujio vya figo, basi hapo vinaumizana tu.

Hiyo 98 kwa mwanaume mwenye misuli sio mbaya, lakini figo zina akiba kubwa bwana, unaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake na kreatinini ikasoma kawaida. Kinachowahi kusema ni mkojo. Mkojo ukitoka kwa kasi unafanya povu na hiyo sio ishu, ila povu linalokaa kama la sabuni huenda ni protini inavuja. Kipimo chake ni kijiti tu cha kuchovya, bei ndogo, sijui kwa nini walikuruka! Omba waangalie protini na damu kwenye mkojo, potasiamu (chumvichumvi) kwenye damu, na ultrasaundi ya figo. Wakikupima na ukimwi na homa ya ini B usinune, vyote vinashambulia figo.

Diklofenaki acha leo hii, inapunguza damu inayoingia kwenye figo na presha inaipandisha, mgongo ukiuma meza panado.

Dawa za presha usisubiri majibu yote, wiki hii nenda uanzishiwe. Wakikupa enalaprili au losatani, rudia kreatinini na potasiamu baada ya wiki moja au mbili, kreatinini ikipanda kidogo usiziache dawa mwenyewe, hiyo tunaitegemea. Majibu ya mkojo yakisoma protini plasi mbili (++) kwenda juu, omba rufaa kwa daktari wa figo siku hiyohiyo.