Aliyebeti timu yake ishinde alifungiwa maisha, walioiba ishara wakabaki na kombe

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni mtu wa soka, ila tangu mdogo wangu ahamie Houston amenitumbukiza kwenye besiboli, na sasa tunagombana kila Jumapili kwenye simu. Pete Rose wa Cincinnati Reds alifungiwa maisha mwaka 1989 kwa kubeti, tena alibeti timu yake mwenyewe ishinde. Houston Astros walidanganya na wakatwaa ubingwa wa 2017, na hakuna mchezaji wao aliyefungiwa hata mechi moja. Mdogo wangu anasema sheria ndivyo ilivyo. Mimi naona ni upendeleo mtupu. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mdogo wako ameishika sheria. Wewe umeshika kitu kingine ambacho nitakifikia.

Tuanze na kubeti, maana huko hakuna ubishi. Kanuni ya 21 ya ligi kuu ya Marekani hubandikwa ukutani kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo. Mchezaji, kocha au mwamuzi akibeti mechi yoyote ya besiboli asiyohusika nayo, nje mwaka mmoja. Akibeti mechi anayohusika nayo kikazi, nje maisha. Kanuni haiulizi aliweka shilingi ngapi wala alibeti upande gani. Mwaka 2024 Tucupita Marcano alifungiwa maisha kwa sababu baadhi ya mikeka yake ilikuwa ya mechi za Pittsburgh Pirates, timu iliyokuwa ikimlipa mshahara, ingawa wakati huo alikuwa majeruhi na hakugusa gongo la kupigia mpira. Siku hiyo hiyo Michael Kelly alipewa mwaka mzima. Jumla ya fedha alizobeti haikufika hata dola 100.

Ukali huo una historia. Mwaka 1919 wachezaji wanane wa Chicago White Sox walituhumiwa kuuza fainali kwa wacheza kamari. Mahakama iliwaachia huru mwaka 1921, na kesho yake Kamishna, yaani mkuu wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis akawafungia wote maisha. Mmoja wao, Buck Weaver, kosa lake lilikuwa kujua mpango na kunyamaza.

Sasa hoja yako ya “alibeti ishinde”. Nimewahi kuisikia kwa masikio yangu. Kipa mmoja wa ligi ya chini niliyemtetea mbele ya kamati ya nidhamu alinisogezea simu yake, mkeka bado uko kwenye skrini, akasema, “Wakili, si unaona nilituweka sisi tushinde?” Nilimwambia aifunge hiyo simu kabla mwenyekiti hajaingia. Kwenye besiboli utetezi huo ni mbovu zaidi. Timu inacheza mechi 162 kwa msimu, na mkono wa mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, ni mali inayochakaa: akianza leo anapumzishwa siku kadhaa. Kocha mwenye mkeka wa leo anashawishika kumchosha mrushaji wake bora leo, kesho itajijua. Isitoshe, siku asipobeti, bukmeka wake anapata habari ambayo mashabiki hawana. Na akishadaiwa, mdai wake ana kamba ya kumvutia. Uchunguzi ulimkuta Rose na mechi 52 za Reds za mwaka 1987 peke yake, akiwa kocha. Alikana mpaka 2004.

Kumbuka besiboli ndiyo yenye mkono mzito hapa. Sandro Tonali alikiri kubeti hata mechi za Milan akiwa mchezaji wa Milan, soka likamfungia miezi 10 akarudi Newcastle. Angekuwa besiboli, habari yake ingekuwa imekwisha.

Udanganyifu je? Huo una ngazi. Mrushaji akikutwa na gundi mkononi, mechi 10. Gongo lililochimbwa na kujazwa koki lilimgharimu Sammy Sosa mechi saba mwaka 2003. Dawa za kuongeza nguvu: mechi 80, ukirudia 162, mara ya tatu maisha. Gaylord Perry alijulikana nchi nzima kwa kupaka mpira mate na mafuta, na bado aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la magwiji wa besiboli mwaka 1991. Watu wa mchezo ule humsimulia kwa kicheko, jambo ambalo mimi mpaka leo haliniingii vizuri.

Astros walifanya hivi. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji kwa vidole aina ya mpira wa kurusha. Kuzisoma ishara hizo kwa macho ukiwa uwanjani ni ruhusa. Wao waliweka kamera, picha ikaja kwenye skrini nyuma ya benchi, mtu akagonga pipa la taka: kishindo, mpira wa taratibu unakuja, kimya, unakuja wa kasi. Septemba 2017 mrushaji Danny Farquhar wa White Sox alisikia kishindo kila ishara ya mpira wa taratibu ilipotolewa. Akasimamisha mchezo, akamwita mdakaji wake, wakabadilisha ishara. Pipa likanyamaza.

Januari 2020 Kamishna Rob Manfred aliitoza klabu dola milioni 5, kiwango cha juu kabisa kwa sheria zao, akaipokonya nafasi za kwanza na za pili za kuchagua vijana kwa miaka miwili, na akawafungia meneja mkuu Jeff Luhnow na kocha A.J. Hinch mwaka mmoja. Klabu ikawafukuza wote wawili. Wachezaji walipewa kinga ili waseme ukweli. Kulikuwa na tatizo jingine la kisheria: waraka wa Kamishna wa 2017 kuhusu kuiba ishara kwa vifaa vya elektroniki uliwabebesha wajibu viongozi wa klabu, na Luhnow hakuufikisha kwa wachezaji. Wachezaji wangeadhibiwa, chama chao kingekata rufaa, na kwa maoni yangu kingeshinda.

Hapo ndipo nakubaliana nawe. Kinga ilikuwa njia ya haraka ya kupata ushahidi, ila ilitolewa kwa bei rahisi mno. Ningeitoa kwa wawili watatu wa kwanza kuzungumza, wengine wajibu mashtaka.

Mwambie pia mdogo wako kwamba habari ya Rose haikuishia pale. Alifariki Septemba 2024, na Mei 2025 Manfred aliamua kwamba kifungo cha maisha kinakoma mtu anapokufa. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa, pamoja na la Buck Weaver, aliyekuwa kaburini tangu 1956.