Santuri Mpya Ikiruka, Usiweke Sarafu

Msomaji ameandika kwamba amenunua albamu mpya ya tekno (muziki wa dansi wa kielektroniki), santuri mbili, na kwenye upande wa tatu sindano inaruka kila besi nzito inapoingia. Ameweka sarafu juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni na kuruka kumekoma. Anauliza kama aiache hapohapo.

Hapana. Iondoe kabla hujacheza upande mwingine. Katriji (kifaa kidogo kinachoshika sindano) nyingi za kusikilizia nyumbani zimetengenezwa kukandamiza santuri kwa gramu 1.5 hadi 2.5. Ortofon 2M Red inataka 1.8, Audio-Technica AT-VM95E inataka 2.0. Ukiongeza sarafu ya gramu 5, umezidisha zaidi ya mara tatu. Sindano haitaruka tena, ni kweli, lakini italima. Zinazofutika kwanza ni sauti za juu, yale matoazi na michakacho laini ambayo mtunzi amekesha akiipanga, na zikifutika hazirudi. Inauma zaidi kwa sababu albamu za namna hii hutoka nakala mia chache tu, na huenda usiipate nyingine.

Mara nyingi kosa liko kwenye mkono. Besi ikichongwa kwenye santuri inakuwa wimbi pana, na mfuo, yaani mchirizi ambamo sindano hupita, unayumba kushoto na kulia. Fundi mkataji, yule anayechonga mfuo, huileta besi katikati ya spika mbili kwa makusudi, maana besi iliyoegemea upande mmoja huisukuma sindano juu na chini hadi itoke. Hata ikikatwa vizuri, mfuo wa tekno una misukosuko mikubwa, na mkono uliopimwa kwa kubahatisha hauumudu.

Kwa hiyo pima upya. Weka gramafoni mahali palipo sawa kwa pimamaji. Rudisha kidhibiti cha mvuto wa pembeni (kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri) kwenye sifuri, toa kifuniko cha sindano, kisha zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, haupandi wala haushuki. Hapo shikilia uzito usizunguke, geuza pete yake ya namba peke yake isome 0, halafu zungusha vyote pamoja hadi gramu zinazotakiwa na katriji yako. Kidhibiti cha mvuto wa pembeni kianzie namba hiyohiyo. Namba za pete hudanganya, kwa hiyo thibitisha kwa mizani ndogo ya sindano inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na sahani yake iwe kwenye kimo cha santuri. Kwa muziki wenye besi nzito, kaa nusu ya juu ya kiwango kilichoruhusiwa. Wengi hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri, lakini sindano nyepesi mno hupoteza mfuo na kugongagonga kuta zake, na madhara yake hayapishani sana na ya sarafu.

Halafu kasi. Baadhi ya lebo za chinichini, yaani kampuni ndogo za kutoa muziki, haziandiki kasi kwenye karatasi ya katikati. Albamu ya santuri mbili huenda imekatwa kwa mizunguko 45 kwa dakika badala ya 33⅓, na kwa kuwa hakuna mwimbaji, unaweza kusikiliza wiki nzima kwa kasi isiyo yake. Hesabu midundo kwa dakika moja. Ukipata kama 95 kwenye tekno, jaribu 45: itapanda hadi karibu 128.

Na upande ukifika mwisho ukaanza kurudia kipande kimoja bila kukoma, usidhani umekwaruzika. Huo ni mfuo uliofungwa kuwa duara, jambo analokumbukwa nalo Ron Murphy, fundi wa Detroit aliyekata santuri nyingi za tekno. Kwa 33⅓, mzunguko mmoja ni sekunde 1.8, na kwa mwendo wa midundo 133⅓ kwa dakika inaingia midundo minne kamili. Inua mkono ukiridhika.

Santuri mpya si safi. Ina vumbi la karatasi ya mfuko na umeme tuli unaolivuta lingine. Brashi ya nyuzi za kaboni, mizunguko miwili au mitatu kabla ya kila upande, inatosha. Mfuko wa ndani wa karatasi tupu ubadilishe kwa ule wenye bitana ya plastiki.

Spika zisikae meza moja na gramafoni. Kuhakikisha, teremsha sindano kwenye santuri isiyozunguka, fungua sauti hadi kiwango unachosikilizia, kisha gonga meza taratibu kwa kidole. Kishindo kikitoka kwenye spika, basi besi nayo inarudi kwenye sindano kwa njia hiyohiyo, na huo mngurumo mzito unaousifu si wa mtunzi.

Ukishafanya haya yote na bado inaruka mahali palepale, ijaribu kwenye gramafoni nyingine. Tazama pia mkono ukiwa unacheza. Ukipanda na kushuka kila mzunguko, santuri imepinda. Ukiyumba kushoto na kulia huku noti ndefu za sintesaiza zikipepesuka, tundu halikutobolewa katikati. Kwa santuri mpya, hayo mara nyingi ni makosa ya kiwandani, na ni vigumu kuyatibu nyumbani. Mwandikie muuzaji, tuma video ya mkono ukiyumba, na udai nakala nyingine mapema, kabla hazijaisha.