Lehemu inajaa kwenye nakshi

SWALI: Bangili za Wahopi, wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, ni mabamba mawili ya fedha yaliyounganishwa kwa lehemu (metali inayoyeyushwa ili kuunganisha), la juu likiwa na nakshi iliyokatwa. Kijana anayefundishwa na mjomba wake huzuiaje lehemu isijae humo?

JIBU: Apunguze lehemu, hilo ndilo kosa la wengi. Ukingo ulioinuliwa na msumeno usuguliwe kwanza, bamba lilale bapa. Lehemu iyeyushwe nyembamba mgongoni mwa bamba la juu, kisha mabamba yabanwe na moto utoke chini, kwani lehemu hukimbilia penye joto. Sakafu ya nakshi hugongwa alama ndogondogo kwa patasi, ishike weusi wa salfa, juu hung'arishwa. Paul Saufkie na Fred Kabotie walifundisha mtindo huu mwaka 1947 kwa Wahopi waliotoka vitani.