Kidole cha mchezaji

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Je, kucheza gemu kunamsaidia mtu kuwa mtengenezaji wa gemu?", limenigusa. Hapa Dodoma ndilo swali linalozuka kila mzazi anapomfuata mtoto kwenye banda la gemu, Majengo au Chang'ombe, na mtoto anajitetea kwamba anajifunza kazi. Nilitaka kujibu kwa neno moja: hapana. Aliyemaliza ligi nzima kwenye PlayStation amejifunza kumaliza ligi, basi. Hajaandika hata mstari mmoja wa programu.

Ila kuna kijana mmoja wa Nkuhungu, bingwa wa pedi za PlayStation, ambaye gemu yake ya kwanza inanizuia kuishia hapo. Alikuwa anatengeneza mtoto wa mchungaji anayeruka kutoka jiwe hadi jiwe akiokota zabibu. Alitumia Godot, programu ya bure ya kutengenezea gemu, isiyohitaji hata kusakinishwa: unaifungua faili, unaanza kazi. Akachukua namba zinazokuja nayo, yaani kasi ya kuruka 400 na mvutano, ile nguvu ya kumrudisha chini, 980. Mtoto akaruka mara moja tu, kijana akasema, "Huyu anaelea." Kwa nini anaelea? "Sijui, anaelea tu."

Siku mbili nzima alihangaika na namba moja. Aliposhusha kasi hadi 300, mtoto akawa anapanda pikseli (nukta za skrini) 46 badala ya 82, jiwe halifikii, na bado anaelea. Kosa ni kushika kasi peke yake wakati kimo na muda vinategemea namba zote mbili. Njia yake ni kuanza na unachotaka kukiona. Sema unataka kimo cha pikseli 96 na sekunde 0.35 za kupanda. Zidisha kimo mara mbili, gawanya kwa muda: kasi ni 549. Gawanya tena kwa muda: mvutano ni 1567. Mtoto akianza kushuka, zidisha mvutano kwa 1.5. Sasa anakaa hewani sekunde 0.64 badala ya 0.82, ingawa anaruka juu zaidi. (Kwenye Godot kwenda juu ni hasi. Ukisahau alama ya kutoa, mtoto haruki kabisa, na utadhani kitufe kimekufa.)

Kuelea kukaisha, ukaja ugomvi wa pili. Mtoto anakimbia hadi ukingo wa jiwe, kijana anabonyeza, mtoto anatumbukia. "Nimebonyeza!" Anaapa. Kosa halionekani popote kwenye programu. Ikabidi skrini na kidole virekodiwe kwa simu, video irudishwe polepole: kidole kilishuka fremu 4, yaani picha 4 za skrini, baada ya mguu kuacha jiwe. Kwa fremu 60 kwa sekunde, hizo ni kama milisekunde 67. Kompyuta ilikuwa sahihi, na kijana hakuwa anasema uongo, kwa sababu jicho lake lilikuwa bado linaona jiwe.

Dawa yake ni saa ndogo ya kuhesabu, ndani ya programu. Mguu ukiwa chini, ijaze sekunde 0.1, ukiacha jiwe, ipunguze kila fremu kwa muda uliopita, ikiwa bado haijafika sifuri, ruhusu kuruka. Akisharuka, ifute papo hapo, la sivyo ataruka mara ya pili akiwa hewani. Weka na saa nyingine ya aina hiyohiyo kwa anayebonyeza mapema, kabla mguu haujagusa chini. Na uhesabu kwa sekunde, usihesabu fremu: fremu 6 ni sekunde 0.1 kwenye mashine ya fremu 60, lakini ni 0.2 kwenye ya fremu 30.

Hapo ndipo "hapana" yangu inapoanza kulegea. Mwanafunzi hodari wa programu asiyecheza gemu angeupitisha ule mruko wa kwanza bila wasiwasi, maana haukuwa na kosa hata moja. Aliyejua kwamba ni mbovu ni yule kijana wa bandani. Hakujua sababu, lakini alijua.

Satoshi Tajiri wa Japani, kabla ya kuleta gemu ya Pokémon mwaka 1996, alianza na jarida la kuandika kwa mkono mwaka 1983, la kuchambua gemu za mabandani. Alicheza, akaandika alichokiona. Hicho cha pili ndicho mabanda yetu hayakidai.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Cheza gemu ndogo ambazo mtu mmoja anaweza kuzitengeneza upya, kwani gemu ya mpira ni kazi ya mamia ya watu na viungo vyake huvioni. Kila unapokasirika, andika sekunde na kitufe. Asiye na laptopu aanze na bao: kete 64, na shimo liitwalo nyumba lina 6 mwanzoni. Badilisha kanuni hiyo: weka 4 kwenye nyumba, mbili zilizobaki ziingie kwenye akiba, cheza na mtu anayelijua bao, kisha andika kilichoharibika. Ila mzazi asije akaonyeshwa barua hii kama ruhusa ya kushinda bandani. Saa moja ya kucheza bila saa tatu za kujenga, sijaona ikifika popote.

Yule kijana alipopeleka gemu yake stendi ili watu waijaribu, mawe ya kahawia juu ya ardhi ya kahawia hayakuonekana kabisa kwenye jua la saa saba. Ikabidi apake kingo za mawe rangi nyeupe, upana wa pikseli 2. Bandani asingeliona hilo, kule ndani ni giza mchana kutwa.

Msomaji wenu, Dodoma