Juf: kwa nini Kijerumani, si Kiromanshi

Kama unajiuliza iwapo Juf, kijiji cha milimani Uswisi, wanaongea Kiromanshi (lugha ndogo ya Uswisi iliyotokana na Kilatini): hapana, wanaongea Kijerumani, ingawa mkoa wao wa Graubünden una Kiromanshi pia. Wenyeji ni kizazi cha Wawalser, wafugaji waliohamia huko karne ya 13 kutoka upande wa Valais, mkoa mwingine wa Uswisi, wakaja na lahaja yao ya Kijerumani. Kijiji kiko mita 2,126 juu ya usawa wa bahari, kupita kimo ambacho miti huweza kuota, kuni hakuna kabisa. Zamani walikata samadi ya kondoo vipande kama matofali, wakaianika, ndiyo ikawa ya kuwashia jiko! Nimefika, basi la manjano la posta linaishia hapo. Ila ile sifa ya Juf kuitwa “kijiji cha juu kuliko vyote Ulaya” inategemea: ukiihesabu Georgia kuwa Ulaya, watu wa Ushguli, huko Georgia, nao wanadai sifa hiyo.