Kwa nini kioski kinachowauzia wanafunzi sigara hakifungwi

Ndugu uliyeuliza kwa nini askari wa kaunti humfukuza mama mboga kila siku ilhali hawakigusi kioski kilicho mkabala na lango la shule, kinachowauzia wanafunzi sigara, nitakujibu kwa niliyoyapitia nikiwa afisa wa afya ya umma katika kaunti moja hapa Kenya, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi kabla ya kustaafu.

Sheria yenyewe haina utata. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia sigara mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, kazi ya kuitekeleza mitaani imewaangukia zaidi maafisa wa kaunti, ambao ndio hao hao wanaokagua nyama buchani, vyoo vya shule na vyeti vya afya vya wapishi wa hoteli.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Nakumbuka kioski kimoja ambacho kiberiti chake cha gesi kilining'inizwa kwa uzi kwenye wavu wa dirisha, kimo ambacho mwanafunzi wa darasa la nane angekifikia bila kujinyoosha. Wavulana walifika baada ya saa kumi na nusu jioni, sweta wamezigeuza ndani nje ili nembo ya shule isionekane, na kila mmoja aliweka sarafu dirishani bila kutamka neno, kwa kuwa mwenye kioski alikwisha kumjua. Nilipojitokeza, sarafu ilikuwa imeshaingia mkebeni na sigara iko nyuma ya ua. Ili nimshtaki muuzaji, nilimhitaji mvulana asimame mbele ya hakimu, na mzazi wake akubali. Mara moja nilidhani nimefaulu, hadi mzazi aliponijia ofisini akasema, "Daktari, huyo mama ndiye hutukopesha unga mwisho wa mwezi. Nikimpeleka mtoto kortini, tutakula nini?" Kesi iliondolewa, na kusema kweli sikuweza kumlaumu mzazi huyo.

Wapo pia watoto waliotumwa kweli na baba zao. Hapo muuzaji akikataa, humkosea jirani wala si mtoto, na jioni ile ile baba mtu atakuja kuuliza ni lini mwanawe alianza kuitwa mwizi.

Kilichotusaidia ni kifungu kingine cha sheria hiyo hiyo, ambacho watu wengi hawakifahamu: sigara haziruhusiwi kuuzwa moja moja, bali katika pakiti yenye sigara zisizopungua kumi. Pakiti iliyofunguliwa kando ya mkebe wa peremende haihitaji mtoto awe shahidi wake, na mwanafunzi aliyebakiwa na shilingi 20 za nauli hawezi kununua pakiti nzima. Tuliacha kuviziana na wavulana, tukaanza kutafuta pakiti zilizofunguliwa, hasa miezi ya kwanza ya mwaka ambapo wafanyabiashara wanahitaji leseni mpya na hawataki ugomvi na ofisi. Wenye vioski walilalamika kwamba wateja wao wakubwa ni vijana wa mjengo wanaonunua moja asubuhi na moja jioni, na malalamiko hayo yalikuwa ya kweli; hasara waliipata. Mkubwa wangu mmoja alinishauri nipunguze kasi, kwa sababu wenye vioski ni wapiga kura. Sikupunguza, ila pikipiki ya ofisi ilianza kukosa mafuta siku za msako.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba, mwenye kioski yule alipokubali kukiondoa kile kiberiti dirishani, wavulana walipungua kuliko walivyopungua baada ya maonyo yangu yote.

Kwa hiyo usimwendee askari wa kaunti, ambaye hulitazama suala hili kama la leseni na vibanda. Iandikie barua ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yenu, ueleze kioski kilipo na kama sigara huuzwa moja moja, wala usipige picha za watoto. Usisahau kutaja saa, maana afisa atakayefika saa nne asubuhi atamkuta mwenye kioski ametulia, akichambua dengu.